Ushairi wa Kiswahili dhidi ya Ubaguzi wa Rangi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kundi letu la wasomaji wa mashairi hukutana Ngamiani, mjini Tanga, na kila muhula mpya huja wanafunzi, walimu na watu wazima wenye maswali yaliyokwisha kuulizwa na waliowatangulia. Hapa tumeyakusanya yale yanayorudi mara nyingi zaidi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine badala ya kurudia maelezo.

## Misingi

1. Ushairi wa upinzani ni upi hasa?

Tunauita hivyo utungo wowote, wa kuandikwa au wa kuimbwa, unaokataa dai la kwamba rangi ya mtu ndiyo kipimo cha thamani yake, au unaohifadhi kumbukumbu ya waliopigana na utawala uliosimama juu ya dai hilo. Maana hii ni pana kwa makusudi. Msomaji anayetafuta hamaki peke yake atayapita mashairi mengi ya pwani bila kuyatambua, kwa kuwa yanaanza kwa kumshukuru Mungu, yanaomba radhi kwa wakubwa, na hatimaye, katika ubeti wa kumi na kitu, yanauma.

2. Kwa nini watu walitumia ushairi badala ya hotuba au makala?

Kwanza, kwa sababu ubeti wenye vina hukaa kichwani. Karatasi huchomwa na mhariri hubadilishwa, lakini ubeti ulioghaniwa barazani jioni hulala na waliousikia, wakiwemo wasiojua kusoma. Pili, nafasi ya makala ilikuwa finyu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni; lilipokea mashairi kwa wingi, ila si rahisi kufikiri kwamba lingechapisha makala ya kuitukana serikali hiyo hiyo.

Tatu, chombo chenyewe kilikuwapo zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akiitetea Mombasa dhidi ya Seyyid Said wa Omani kwa mashairi ambayo watu waliyajibu, wakajibiwa, wakayahifadhi. Mjerumani alipoteremka pwani, alikuta watu waliozoea kugombana kwa vina.

3. Ubaguzi wenyewe ulikuwaje hapa Tanga?

Ulionekana kwanza kwenye ramani. Wazungu walikaa Raskazone, penye upepo wa bahari. Waafrika walipimiwa Ngamiani, ambako barabara zilipewa namba badala ya majina, na hadi leo mtu huelekezwa kwa kuambiwa barabara ya ngapi.

Kisha kuna mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalizuka mashamba yaliyohitaji maelfu ya vibarua kutoka mbali, na vibarua hao wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo hakuimaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Shule na hospitali nazo zilitengwa kwa rangi.

Hata kura ilitengwa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kana kwamba makundi hayo matatu yalilingana kwa idadi, ilhali Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya watu wote wa Tanganyika. Tunayataja haya kwa urefu kwa sababu wanafunzi wengi husoma mashairi ya wakati huo bila kujua yalikuwa yakijibu nini.

4. Mizani na vina vina uhusiano gani na upinzani? Si mapambo tu?

Tazama ubeti huu, ambao tumeutunga wenyewe kwa ajili ya jibu hili:

*Mkonge nimeukata,*
*kipande nimekipata,*
*kwa namba wameniita,*
*na jina langu li wapi?*

Hesabu kwa vidole: m-ko-nge-ni-me-u-ka-ta, mizani nane, na kila mshororo una nane. Mishororo mitatu ya kwanza inafunga kwa kina cha *ta*, na sikio linazoea, linatarajia *ta* ya nne. Ya nne haiji. Badala yake linakuja *pi*, nalo ni swali. Huo ndio muundo wa utenzi: kina cha mwisho, kinachoitwa bahari, hakifanani na vitatu vilivyotangulia, na hukutana na wenzake katika beti zinazofuata. Mtunzi anayejua kazi yake huweka jambo zito pale sikio linaposhtuka.

Angalia pia kwamba ubeti haukumtaja mwenye shamba, wala karani, wala Mzungu. Kibarua amesema amekata mkonge na amepata kipande, maneno ambayo hata nyapara angeyaitikia. Kuhusu kusema bila kutaja, tazama swali la 9.

## Zama za Wadachi

5. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah unahusu nini, na kwa nini unatajwa kila mara?

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa mwanachuoni wa upande huu wa Tanga, na *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* aliutunga muda mfupi baada ya matukio yenyewe. Wadachi ni Wajerumani, na Mrima ni pwani ya bara inayoelekeana na Zanzibar. Jina lina mwaka ndani yake, 1307 wa Hijria, unaoangukia kati ya 1889 na 1890. Utenzi huo ulichapishwa katikati ya karne ya 20 kwa juhudi za J. W. T. Allen.

Mnamo Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani na miji mingine ya Mrima kwa hoja kwamba Sultani wa Zanzibar ameikodisha pwani. Watu wakakataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita vilivyofika hadi Bagamoyo, na Bwana Heri alisimama Saadani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, ambalo wengi wao walikuwa Wasudani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Utenzi unatajwa kila mara kwa sababu simulizi nyingi za vita hivyo ziliandikwa na walioshinda. Huu ni wa mtu aliyekuwa upande wa pili, kwa lugha ya upande wa pili, na uliandikwa kwa hati ya Kiarabu ambayo maofisa wengi wa Kijerumani hawakuweza kuisoma. Neno *kutamalaki* lililomo katika jina nalo lina uzito wake: ni kutwaa kitu na kukifanya milki yako. Mshairi hakusema Wadachi walikuja kutawala, wala kustaarabisha. Amewaita kwa kitendo chao.

6. Je, vita vya 1888 vilikuwa vya rangi?

Kwa maoni yetu, si kwa maana tunayoitumia leo. Mtu wa Mrima wa wakati ule alimwona Mdachi kwanza kama mgeni, kafiri na mnyang'anyi wa ushuru wa bandari. Rangi kama sheria ilikuja nyuma ya bendera: mahakama tofauti, kodi tofauti, na adhabu ya kiboko aliyochapwa Mwafrika kwa makosa ambayo Mzungu hangeguswa. Viboko 25, watu waliviita *hamsa ishirini*. Jina hilo la kuhesabia limedumu katika Kiswahili hata baada ya waliochapwa kufa wote.

7. Je, washairi wote wa wakati huo walipinga?

Hapana, na ni heri kulisema waziwazi. Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili, alikusanya na kuchapisha tungo nyingi za waandishi wa pwani, na kadhaa zinawasifu Wajerumani kwa ufasaha ule ule ambao Hemedi aliutumia kuwalaani. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali hapa hapa Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, halikukosa sifa za namna hiyo.

Wengine walisifu kwa kuamini, wengine kwa njaa, wengine kwa kuwa aliyeshika kalamu ya kunakili alikuwa Mjerumani. Tunapendekeza msomaji aulize kila mara utungo ulighaniwa mbele ya nani. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba kila utenzi wa zamani ni wa kishujaa anawapa kazi ngumu ya kuja kusahau baadaye.

8. Abushiri alikuwa tajiri mwenye shamba na watumwa. Tunawezaje kumwita shujaa wa kupinga uonevu?

Swali hili huulizwa zaidi na wageni wetu kutoka Bagamoyo, na tunaelewa sababu. Bagamoyo ndiko misafara ya bara ilikokomea, pembe na watu, na mtu aliyekulia mji ule hawezi kuisimulia pwani kama bustani iliyoharibiwa na Mzungu peke yake.

Abushiri alikuwa na shamba la miwa Pangani, na miwa ya Pangani ililimwa na watumwa. Alipigana na utawala wa kigeni. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na moja halifuti jingine. Ushairi wa zamani wenyewe unabeba doa hilo: hutenga *waungwana* na *washenzi*, na aliyeitwa mshenzi alikuwa mara nyingi mtu wa bara, mweusi kama aliyemwita. Kuhusu jinsi ya kulisoma neno hilo darasani, tazama swali la 14.

## Zama za Waingereza na kudai uhuru

9. Fumbo lilitumikaje, na je, watawala hawakulielewa?

Fumbo ni kusema kitu kimoja ili kieleweke kingine na anayestahili kuelewa. Mfano unaofundishwa sana ni wa Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, aliyetunga shairi la siafu na nyoka: siafu wamekazana, nyoka amekasirika. Aliyewahi kuona siafu wakimwingilia mnyama aliyelala hahitaji maelezo. Nyoka ana sumu na ni mkubwa, siafu mmoja hupondwa kwa kidole, na bado nyoka ndiye anayelikimbia shimo lake.

Kwamba watawala hawakuelewa ni hadithi tunayopenda kujisimulia. Baadhi yao walikijua Kiswahili vizuri sana. Nguvu ya fumbo ilikuwa mahali pengine: lilimpa mtunzi kauli ya kujitetea. Ofisa angemshtaki kwa lipi, kwa kumtukana nyoka? Na kama ofisa angesisitiza kwamba nyoka ni serikali, basi yeye ndiye aliyeitukana.

10. Shaaban Robert alikuwa mpinzani au mtumishi mtiifu wa serikali?

Hapa mabishano hayaishi, na yamewahi kutupotezea mkutano mzima. Alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, akianzia idara ya forodha. Alipokea nishani ya Kiingereza ya MBE. Alitunga utenzi mrefu kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 ambamo Uingereza imo upande wa haki. Wanaomwita mtiifu wana ushahidi wa kutosha.

Lakini mtu huyo huyo aliandika shairi la *Rangi Zetu*, ambalo linaichukulia rangi ya mwili kuwa pambo la Mungu, na kwa hiyo anayeidharau anamdharau aliyepamba. Hoja hiyo ni ya upole, nayo haina mlango wa kutokea: mmisionari na ofisa aliyekwenda kanisani kila Jumapili hawakuwa na jibu kwake. Na mwaka 1951 alichapisha *Kusadikika*, ambayo si ushairi ila imeandikwa kwa roho ya mshairi, kisa cha nchi iliyo angani ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Kitabu kizima ni fumbo la aina iliyoelezwa katika swali la 9.

Maoni yetu ni kwamba upinzani wake mkubwa ulikuwa katika kukitendea Kiswahili kama lugha kamili ya fikra, wakati karani wa Kiafrika alitarajiwa kuitumia kalamu yake kujaza daftari za ofisi. Alikitetea kwa mfano wa titi la mama, ambalo halina badala yake. Wapo kati yetu wasiokubaliana nasi.

11. Wanawake walikuwa wapi?

Walikuwa wakiimba, na ndiyo maana vitabu vimewasahau. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kufariki mwaka 1950, aliimba taarabu kwa Kiswahili wakati ilizoeleka kuimbwa kwa Kiarabu, na nyimbo zake zilisema juu ya hukumu za mahakama na maonevu ya wakubwa. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kundi la ngoma kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU, na vikundi vya ngoma ndivyo vilivyomletea wanachama wa kwanza. Anayetafuta ushairi wa wanawake vitabuni pekee atarudi na kapu tupu. Aende kwa bibi zake akawaulize waliimba nini kwenye lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani.

## Nje ya pwani

12. Tusome mashairi gani ya watu weusi wa nchi nyingine?

Anza na Claude McKay, Mjamaika aliyeishi Marekani. Mwaka 1919, watu weusi walipokuwa wakishambuliwa na kuuawa katika miji mingi ya Marekani, aliandika *If We Must Die* katika umbo la soneti, mishororo 14 yenye vina, umbo la mabwana wenyewe. Msomaji wa tenzi atajisikia yuko nyumbani.

Kwa Afrika Kusini, usome na kisa cha Benjamin Moloise, mshairi aliyenyongwa Pretoria tarehe 18 Oktoba 1985, karibu miaka 96 baada ya Abushiri. Na usimwache Ingrid Jonker, mwanamke Mzungu aliyeandika kwa Kiafrikana juu ya mtoto aliyepigwa risasi Nyanga. Nelson Mandela alilisoma shairi lake bungeni mwezi Mei 1994. Wanafunzi hushangaa kwamba tunamweka katika orodha hii. Shairi lake limo kwa sababu ya linachokisema.

Huko Ujerumani alikuwapo May Ayim, mshairi mwenye baba Mghana, aliyeandika juu ya kuwa mweusi katika nchi isiyomwona kuwa mwenyeji. Mwaka 2010 njia moja ya kando ya mto mjini Berlin, iliyokuwa na jina la mjenzi wa ngome ya kikoloni, ilipewa jina lake. Mwaka 2021 mtaa wa Wissmann mjini humo ukapewa jina la Mtanzania, Lucy Lameck. Huyo Wissmann ndiye yule wa swali la 5.

13. Kwa nini tafsiri za mashairi hayo kwa Kiswahili husikika vibaya?

Mara nyingi ni kwa sababu mfasiri amehamisha rangi bila kuhamisha maana. Kiswahili kinagawa rangi za watu kwa njia yake: tuna mweusi, mweupe na maji ya kunde, na maneno hayo hutumika ndani ya nyumba moja kwa ndugu wa tumbo moja. Kijana wa Tanga anayeitwa "mweupe" na shangazi yake hajaitwa Mzungu. Mfasiri akiandika *weupe* pale mshairi wa Marekani aliposema juu ya kundi linalotawala, msomaji wetu anafikiria shangazi. Pengine *Wazungu* linafaa zaidi, pengine *wenye nchi*, kulingana na shairi.

Pia lugha yetu husema *moyo mweupe* kwa wema. Mfasiri wa shairi linalousifu weusi lazima aujue mtego huo kabla ya kuukanyaga.

## Maswali magumu

14. Nikisoma utenzi wa zamani mbele ya wanafunzi, niliruke neno kama "mshenzi"?

Usiliruke. Lisome, simama, kisha ueleze nani aliitwa hivyo na nani alikuwa akiita. Mwalimu mmoja alitusimulia kwamba alilibadilisha kuwa "mgeni" ili asiwaudhi watoto, vina vikavunjika, na mtoto wa dawati la mbele ndiye aliyemuuliza mbona ubeti umechechemea.

15. Ushairi wa kupinga serikali za Waafrika wenyewe umo katika mada hii?

Umo pembeni, kwa sababu ulirithi zana zile zile. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali ya nchi huru, na gerezani akatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973. Rangi ya aliyefunga na aliyefungwa ilikuwa moja. Mizani na mafumbo yalikuwa ya Muyaka, aliyetajwa katika swali la 2.

16. Shairi lisilo na vina linaweza kuwa la upinzani?

Ndiyo. Ugomvi wa vina na ushairi huru uliwaka miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974, na haujazimika. Sisi hatuupigii kura hapa.

17. Nataka kutunga juu ya ubaguzi nilioupata mwenyewe. Nianzie wapi?

Anza na kitu ulichokishika au kilichokushika: tiketi, kiti, dirisha la ofisi, mkono uliorudishiwa chenji kwa kuwekewa juu ya meza. Epuka maneno *ubaguzi*, *haki* na *ukombozi* katika beti tatu za kwanza. Yakihitajika yatakuja yenyewe. Usimtaje aliyekukosea kwa jina. Chagua utenzi wa mizani nane, kwa kuwa ni mwepesi kwa pumzi ya anayeanza, na hesabu kwa vidole kama tulivyofanya katika swali la 4, bila kuona haya, kwani hata wakongwe wetu hugonga meza wakihesabu.

Ukishamaliza, mghanie mtu mmoja ambaye hakuwapo. Akikuuliza "kisha ikawaje?", endelea kuandika.